Uhasama Moyoni, Maradhi Mwilini: Somo Kuhusu Hasira, Dhana Mbaya na Afya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Somo letu la toleo hili linahusu tabia ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa dhambi ya moyo na ulimi tu, nayo ni uhasama. Swali ni hili: mtu anayewadhania wenzake vibaya, anayewaka haraka na kuweka kinyongo, je, anaudhuru pia mwili wake? Nitaanza na wanayosema watafiti wa tiba, kisha nitarudi kwenye Qur'ani na Sunna, na mwisho tutatoka na mambo ya kufanya. Mifano nimeichukua mpakani, Busia na Tororo. Huko ndiko nilikokulia, na wengi wetu tunaosoma Mbale hupita njia hiyo kila likizo inapoanza.

1. Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Hasira na uhasama si kitu kimoja. Hasira ni moto unaowaka na kuzimika. Uhasama ni tabia, ni kuishi na kuni zilizokwisha kumwagiwa mafuta, zinazongoja kiberiti tu. Wataalamu wa saikolojia huugawa uhasama katika sehemu tatu: fikra, hisia na matendo. Fikra ni kuamini kwamba watu ni waongo na wana nia mbaya. Hisia ni ghadhabu na chuki. Matendo ni matusi, ugomvi na kulipiza kisasi.

Mwanafunzi wa dini ataona mara moja kwamba sehemu hizi zina majina katika vitabu vyetu. Ya kwanza ni su'u dhann, yaani dhana mbaya. Ya pili ni ghadhab. Ya tatu ni 'udwan, uadui wa vitendo. Imam al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliviweka ghadhabu, kinyongo na husuda ndani ya kitabu kimoja. Kwa maelezo yake, hasira isiyopata njia ya kutoka hurudi ndani na kugeuka kinyongo, na kinyongo huzaa husuda. Ni mti mmoja wenye matawi matatu.

Tuseme pia kwamba si kila hasira ni mbaya. Mama anayeuza samaki Sofia akidhulumiwa mzigo wake ana haki ya kukasirika na kudai. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akilipiza kisasi kwa ajili ya nafsi yake, bali alikasirika mipaka ya Allah ilipovunjwa. Somo hili linahusu ile hali ya kuamka na ugomvi na kulala nao.

2. Mpaka ni darasa

Anayetaka kuuona uhasama kwa macho na aende mpakani siku ya foleni. Mwezi wa Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wa malori wapimwe Korona kwa malipo ya dola 30, madereva waligoma, na foleni upande wa Kenya ikafika makumi ya kilomita, kuelekea Malaba na kuelekea Busia. Watu walilala chini ya malori yao kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Marais Museveni na Kenyatta walikuwa wamezindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia ili msafiri asimamishwe mara mbili. Kituo kimesaidia, lakini biashara ya mpakani ni biashara ya kungoja, na anayengoja huanza kutafuta wa kumlaumu.

Tena mpakani kila mtu ana sababu ya kumshuku mwenzake. Mbadilisha fedha anakagua noti yako kwenye jua, nawe unahesabu zake mara mbili. Ofisa anamdhania kila mwenye begi kuwa mlanguzi. Mpanda boda anadhani abiria hatalipa, na abiria anadhani ataongezewa bei kwa kuwa ni mgeni. Hata dini haikusalimika. Kenya mwezi hutangazwa na Kadhi Mkuu, na Uganda hutangazwa na Baraza Kuu la Waislamu. Matangazo yakitofautiana, Waislamu wanaotenganishwa na barabara moja huswali Idi siku mbili, na nimesikia maneno makali katika jambo hilo kuliko niliyowahi kuyasikia sokoni.

Nitoe mfano wa karibu zaidi. Nina wajomba wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa ni wakala wa forodha upande wa Tororo, mdogo ana duka la vipuri Busia upande wa Kenya. Kwa miaka minne hawakusemezana kwa sababu ya kipande cha shamba alichoacha babu. Kila Idi mama yangu alipika chakula cha mkubwa mchana na cha mdogo jioni, wasikutane sebuleni. Mkubwa aligunduliwa kuwa na presha akiwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa akisema, "Mimi si mgonjwa, watu ndio wananiumiza," na dawa akazimeza siku anazotaka. Mwaka jana alipata kiharusi. Alhamdulillah, kilikuwa chepesi, lakini mkono wa kulia bado haujarudi sawasawa, naye kazi yake ni ya kalamu.

Nyumbani kila mtu akawa na fatwa yake. Mmoja akasema ni hasira zimemlipua. Mwingine akasema ni uchawi wa shamba. Mwingine akasema ni chumvi. Hapo ndipo nilipoanza kusoma jambo hili kwa makini, kwa sababu jibu letu ndilo lingeamua tumwambie nini mgonjwa.

3. Watafiti wameona nini

Habari inaanzia San Francisco, Marekani, miaka ya 1950. Madaktari wawili wa moyo, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walianza kuwachunguza watu wenye haraka, ushindani na hasira za karibu, wakawaita watu wa Aina A. Utafiti wao mkubwa ulifuatilia wanaume zaidi ya 3,000 wa California kwa miaka minane na nusu, na ukaona kwamba watu wa Aina A walipata maradhi ya moyo takriban mara mbili ya wenzao. Habari hiyo ikaenea dunia nzima.

Lakini wengine waliporudia kupima, matokeo hayakuwa yale yale. Watu wengi wenye haraka na bidii ya kazi walikuwa wazima kabisa. Ndipo watafiti, akiwemo Redford Williams wa Chuo Kikuu cha Duke, wakaivunja ile Aina A vipande vipande ili wajue sumu iko wapi. Kipande kilichojitokeza zaidi ni uhasama, hasa ile tabia ya kutowaamini watu. Kipimo walichokitumia, cha Cook na Medley cha mwaka 1954, kilitungwa awali kwa ajili ya kujua mwalimu gani ataelewana na wanafunzi wake! Mwaka 1983, John Barefoot na wenzake walitoa habari za madaktari 255 waliojibu maswali hayo wakiwa wanafunzi wa udaktari, yaani wa rika letu. Miaka 25 baadaye, waliokuwa na alama za juu za uhasama walikuwa wamepata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenzao. Tafiti nyingine za aina hiyo hazikuona tofauti, basi swali likabaki wazi kwa muda.

Mwaka 2009, Yoichi Chida na Andrew Steptoe walizikusanya tafiti nyingi pamoja na kuzipima kwa jumla. Waliona kwamba hasira na uhasama huongeza uwezekano wa mtu mzima wa afya kupata maradhi ya moyo kwa asilimia 19, na kwa aliyekwisha kuugua huifanya hali yake ya baadaye kuwa mbaya zaidi kwa asilimia 24. Tuifahamu hesabu hii vizuri. Ikiwa katika watu 100 watulivu wataugua 10, basi katika 100 wenye uhasama wataugua kama 12. Si jambo dogo, lakini pia si hukumu ya kifo.

4. Mwilini kunatokea nini

Mtu anapokasirika, mwili hudhani kuna adui wa kupigana naye. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mishipa inabana, damu inakuwa nyepesi kuganda, na sukari inamwagwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Kwa mtu anayekimbizwa na nyati, hiyo ni rehema ya Allah. Kwa mtu aliyekaa ofisini akimfikiria ndugu yake, nguvu hizo hazina pa kwenda.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 Marekani ulinifungua macho. Watu wazima wa afya 280 waligawanywa katika makundi, na kundi moja likaambiwa likumbuke kwa dakika nane jambo lililowahi kuwaudhi. Kukumbuka tu, hakuna aliyewatukana. Mishipa yao ya damu ilipoteza sehemu ya uwezo wake wa kutanuka, na hali hiyo ilionekana hadi dakika 40 baadaye. Sasa mchukue mtu anayelikumbuka shamba la babu asubuhi, mchana na usiku kwa miaka minne.

Si moyo peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanandoa 42, wakawatia vidonda vidogo vya malengelenge kwenye mkono, kisha wakawasikiliza wakizungumza. Mwaka 2005 walieleza kwamba vidonda vya wanandoa wenye uhasama vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao. Ugomvi wa sebuleni ulifika mpaka kwenye ngozi.

Kuna na njia nyingine mbili zisizohitaji maabara. Moja ni mazoea: mwenye uhasama hulala vibaya, huvuta sigara zaidi, hula ovyo, na humshuku hata daktari wake. Nyingine ni upweke. Mtu anayegombana na kila mtu siku ya kuugua hana wa kumpeleka hospitali wala wa kumkumbusha dawa. Mjomba alipoanguka, aliyekuwa karibu zaidi na mwenye gari alikuwa ni yule ndugu asiyesemezana naye. Hakupigiwa simu mpaka saa tatu zilipopita.

5. Tahadhari kwa msomi

Sisi ni wanafunzi, tusibebe habari bila kuipima. Nataja tahadhari tatu.

Kwanza, makampuni ya sigara ya Marekani yaligharamia sehemu ya tafiti za Aina A, kwa sababu yalipenda watu waamini kwamba kinachoua ni tabia ya mvutaji na si sigara yenyewe. Hilo halibatilishi kila kitu, lakini linatufundisha kuuliza nani amelipa.

Pili, tafiti hizi nyingi zimefanywa Marekani na Ulaya. Na umaskini, kelele na foleni humkasirisha mtu na pia humuumiza mwili moja kwa moja. Si haki kumwambia dereva aliyelala chini ya lori siku nne kwamba tatizo lake ni ukosefu wa subira.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: presha ina dawa, na dawa inafanya kazi hapa hapa kwetu. Utafiti wa SEARCH uliofanywa katika jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, zikiwemo za mashariki mwa Uganda, ulichapishwa mwaka 2019. Mahali ambapo watu walipimwa na kuhudumiwa kwa utaratibu ulio karibu na mgonjwa, presha ilidhibitiwa kwa asilimia 47 ya wenye maradhi hayo, ikilinganishwa na 37 kwingineko. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, "Mimi nimesamehe, sihitaji vidonge." Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu. Wala asitokee wa kumwambia mgonjwa kitandani kwamba amejitakia. Hayo ni kumzidishia maradhi, na pia ni kudai elimu ambayo hana. Kiharusi cha mtu mmoja hakuna awezaye kukinyooshea kidole akasema hasira hii ndiyo iliyokileta.

6. Qur'ani na Sunna zinatibu kutoka wapi

Kabla ya maabara, Waislamu walikwisha kulifikiria jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili, kwamba kimoja humuuguza mwenziwe, na akaiweka hasira miongoni mwa maradhi makuu ya nafsi.

Tuangalie mambo matatu.

*La kwanza: tiba inaanzia kwenye dhana.* Watafiti walihangaika miaka thelathini mpaka wakaona kwamba sehemu yenye sumu ni kutowaamini watu. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Allah anawaamrisha waumini wajiepushe na dhana nyingi, kisha ndipo anakataza kupelelezana na kusengenyana. Tazama mpangilio: dhana kwanza, kisha upelelezi, kisha ulimi. Anayeukata mzizi hahitaji kuhangaika na matawi.

*La pili: kuzuia hasira hakutoshi.* Katika Surat Aal Imran, aya ya 134, Allah anawasifu wanaozuia ghadhabu. Neno lililotumika, kadhm, asili yake ni kuufunga mdomo wa kiriba kilichojaa maji. Sasa, kiriba kilichojaa kikifungwa na kuachwa, kitafika wapi? Neno la mzizi huo huo limekuja katika Surat Yusuf, aya ya 84, kumsifu Nabii Yaqub (a.s.) aliyeizuia huzuni yake ndani, na macho yake yakawa meupe. Yeye hakuwa na uhasama, ilikuwa huzuni ya mzazi, na aya ya 86 inatuonyesha kwamba alimshitakia Allah peke yake. Lakini tunaona kwamba kinachofungiwa moyoni huweza kuonekana mwilini. Ndiyo maana aya ya Aal Imran haikuishia kwenye kuzuia. Inaendelea kuwataja wanaosamehe watu, kisha inataja wema. Kuzuia ni mlango, kusamehe ni sebule, kutenda wema ni chumba cha ndani. Wengi wetu tunasimama mlangoni miaka minne tukijisifu kwamba hatujapiga mtu.

*La tatu: Mtume (s.a.w.) aliutibu mwili pamoja na moyo.* Katika Bukhari na Muslim, Sulayman bin Surad amesimulia habari za watu wawili waliotukanana mbele ya Mtume mpaka uso wa mmoja ukawa mwekundu na mishipa ya shingo ikavimba. Mtume akaelekeza kwenye kumuomba Allah kinga dhidi ya shetani. Masahaba waliiona hasira kwenye mshipa! Na katika Abu Dawud, kutoka kwa Abu Dharr, aliyekasirika akiwa amesimama anaelekezwa akae, na isipoondoka alale. Na katika Surat al-A'raf, aya ya 154, Allah anapoeleza kutulia kwa hasira ya Nabii Musa (a.s.), ametumia neno lenye maana ya kunyamaza. Hasira ni kitu kinachosema, na Musa aliziokota mbao baada ya kitu hicho kunyamaza. Nasi tusiamue jambo ingali inasema.

7. Mambo ya kufanya

1. Pima presha yako, hata ukiwa na miaka ishirini na mbili. Aliyeandikiwa dawa azimeze kila siku kama alivyoelekezwa.

2. Ukikasirika, badilisha hali ya mwili: kaa, nyamaza, toka nje. Usijibu ujumbe kwenye kundi la simu ukiwa umesimama na kidole kimeshafika.

3. Mtafutie ndugu yako udhuru kabla ya kumhukumu. Andika maelezo mawili mengine ya jambo alilolifanya. Aghalabu moja litakuwa kweli.

4. Chunga siku tatu. Katika Bukhari na Muslim, Abu Ayyub al-Ansari amepokea kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Anza wewe.

5. Kusamehe si kuacha haki. Ikiwa kuna shamba, deni au mirathi, peleka kwa masheikh au mahakamani, iandikwe, iishe. Haki iliyoachwa hewani ndiyo inayokumbukwa kila usiku. Wajomba zangu walipatanishwa kwa kupimiwa mipaka na kuandikiwa mirathi mbele ya mashahidi, na ni baada ya hapo ndipo salamu ziliporudi.

6. Unapomzuru mgonjwa, mpe dua na nauli ya hospitali. Mawaidha yangoje apate nafuu.

Maswali ya halaqa

(a) Eleza tofauti ya ghadhab, hiqd na su'u dhann kwa mfano mmoja kutoka hosteli unayoishi.

(b) Kwa nini aya ya 134 ya Aal Imran imetaja kusamehe baada ya kuzuia ghadhabu?

(c) Mwaka huu mwezi ukitangazwa siku tofauti Kenya na Uganda, tutasemaje na wenzetu wa upande wa pili bila kuvunja udugu?

(d) Ni nani ambaye siku zako tatu kwake zimekwisha kupita? Hili usilijibu mbele ya watu. Lijibu kwa simu.

Tunamuomba Allah azisafishe nyoyo zetu na kinyongo, awaponye wagonjwa wetu, na atukutanishe na ndugu zetu hapa duniani kabla ya kutukutanisha mbele Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.